Tongoni: Deni la Baada ya Vita katika Kasongo na Kabambare

Katika pwani yetu neno tongo ni jina la mahali palipokuwa na watu kisha pakahamwa: nyumba zilizolala chini, kisima kilichofunikwa na majani, mwembe uzaao bila ya kuwa na mwenyewe. Msafiri aliyelelewa Unguja au Mombasa hustaajabu kulikuta neno hilo zaidi ya kilomita 1,300 kutoka baharini, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mahali pa mji wa kale wa Kasongo huitwa hata leo Tongoni. Neno lilifika huko kwa miguu, pamoja na misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye walimwengu wamjua zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, na aliyeufanya mji huo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Na tangu siku hizo Kiswahili hakikuondoka tena, kikajifanya mwenyeji, kikapewa jina la Kingwana na kupata lafudhi ya kwao, kikawa lugha ya soko, ya barazani na ya kubembelezea watoto.

Mji ule ulikuwa na neema iliyowashangaza hata adui zake. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 chini ya Francis Dhanis, tabibu Mwingereza aliyefuatana nayo, Sidney Hinde, aliona mashamba ya mpunga na bustani za miti ya matunda, akayaandika katika kitabu chake baada ya vita. Lakini si insafu kuusifu mji huo bila ya kutaja ulisimama juu ya migongo ya nani. Katika soko la Nyangwe, mji wa jirani, tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alishuhudia kwa macho yake mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, wakipigwa bunduki na kuzama katika maji ya Lualaba. Washindi wa 1893 walikuwa, kwa hiyo, na neno zuri la kuwaambia raia: tumekuja kukomesha utumwa. Kilichofuata ni mpira uliotakiwa kwa mjeledi, na baada ya mpira, pamba. Majaribio ya mwanzo ya pamba ya lazima katika Kongo ya Wabelgiji yalifanywa katika Maniema hiyo hiyo, na amri ya 1917 ikampa mtumishi wa serikali uwezo wa kumlazimisha mkulima kupanda asichokila na kukiuza kwa bei asiyoipanga yeye. Mji mpya wa Kasongo ukajengwa mahali pengine. Wa kale ukaachiwa majani.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu mambo ya sasa ya Kasongo na Kabambare hayafahamiki kwa mtu aliyeanza kuhesabu jana. Kila vita vilipokwisha katika nchi hiyo, mshindi au mfadhili alikuja na ahadi, na kila ahadi iliyoachwa bila ya kutimizwa ilikuwa mbegu ya uasi uliofuata. Wazee wetu waliposema ahadi ni deni walikuwa wakizungumza juu ya mtu na jirani yake. Katika Maniema ya kusini msemo huo ndio historia ya siasa yote.

Msomaji asiyeijua nchi yafaa aoneshwe ramani kwa maneno machache. Kasongo na Kabambare ni wilaya mbili, au teritwari kwa msemo wa Kongo, miongoni mwa saba za jimbo la Maniema, ambalo lilipata kuwa jimbo peke yake mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa mafungu matatu, na makao makuu yake ni Kindu. Kasongo iko ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba, kilomita zipatazo 240 kwa njia ya gari kutoka Kindu. Kabambare iko mashariki zaidi, imepakana na Fizi ya Kivu ya Kusini na jimbo la Tanganyika. Huko wanakaa Wakusu na Wazimba, Wabangubangu, Wabuyu na Wahombo, Waislamu kwa Wakristo, wala si ajabu kuwakuta wote wawili ndani ya nyumba moja. Juu ya kila kundi yuko chifu wa sekta ambaye nusu yake ni ya mila na nusu ni ya serikali, na nusu hizo mbili hazikupata kuafikiana kila siku.

Uasi mkubwa wa zama za uhuru ulikuwa ule wa Simba. Uhuru wa 1960 uliahidi mengi, na miaka minne haijatimia watu wa mashariki walikwisha kuanza kuzungumza juu ya uhuru wa pili, maana yake ule wa kwanza ulikuwa umeliwa na wachache. Gaston Soumialot, mzaliwa wa Maniema, aliwasha moto huo upande wa Uvira katika mwaka 1964, na kufikia Julai vijana wa Simba, waliochanjwa dawa na kuaminishwa kwamba risasi zitageuka maji, walikuwa wamekwisha kuingia Kasongo na Kindu. Kindu ilitwaliwa tena na jeshi la serikali na askari wa kukodi tarehe 5 Novemba 1964. Katika milima ya Fizi, jirani na Kabambare, mabaki ya uasi yalidumu miaka mingi chini ya Laurent-Désiré Kabila. Na huko ndiko Ernesto Guevara alikokaa kwa siri tangu Aprili hadi Novemba 1965, akaondoka na masikitiko yake.

Kilichotendeka Kasongo baada ya uasi huo kuvunjika kinastahili kuelezwa kwa wasaa, kwani ni mfano ambao wenyeji wengi wa leo hawajausikia, ilhali wanafunzi wa uganga wa ng'ambo huusoma vitabuni. Mwaka 1971 madaktari wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, pamoja na wauguzi wa Kongo, walianza kuijenga upya afya ya wilaya hiyo kwa namna ambayo wakati ule ilionekana ya kigeni. Badala ya kuipamba hospitali moja mjini na kuwaacha wanavijiji watembee siku mbili na mgonjwa juu ya machela, waliweka vituo vidogo vya afya vijijini, kila kimoja na muuguzi wake, na kila kituo kikawa na watu wake wanaojulikana kwa idadi. Mgonjwa alianza kituoni, na akipelekwa hospitali ni kwa barua ya muuguzi aliyemjua yeye na nyumba yake. Mkutano wa Alma-Ata ulioutangazia ulimwengu habari za afya ya msingi ulifanywa mwaka 1978, yaani miaka saba baada ya Kasongo kuanza. Na serikali ya Zaire ilipoigawa nchi nzima katika kanda 306 za afya mwaka 1985, fikira hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kusini mwa Maniema.

Katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo sijapata kulisahau tangu nilipolisoma. Mwaka 1981 kikosi cha Kasongo kilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua. Surua ilikuwa ikiwafyeka watoto, na chanjo iliwaokoa. Hilo halikuwa na shaka. Lakini walipowafuatia watoto hao kwa miezi iliyofuata waliona tofauti baina ya waliochanjwa na wasiochanjwa ikipungua, wakauliza swali chungu: je, mtoto tuliyemnusuru na surua hafi baadaye kwa kuhara, kwa homa au kwa njaa, maadamu nyumba aliyozaliwa ni ile ile? Wataalamu wengine waliwapinga, na leo hakuna mtu mwenye akili asemaye chanjo ya surua haina faida. Swali lenyewe, hata hivyo, limeishi zaidi ya majibu yake, na mtu aweza kulipachika juu ya kila mradi ulioingia Kasongo tangu siku hizo. Darasa limejengwa, mwalimu halipwi. Kisima kimechimbwa, pampu imekatika na kipuri kiko Bukavu. Bunduki imesalimishwa, na aliyeisalimisha hana kazi.

Vituo vya afya vilisimama kwa muda, kisha Zaire yenyewe ikaanza kulegea. Mishahara ikawa hadithi, na tangu miaka ya 1990 wazazi wakabebeshwa kuwalipa walimu kwa fedha iitwayo prime, hata elimu ikawa ni ya mwenye mbuzi wa kuuza. Vita vya 1996 na 1997 vilipita Maniema kwa kasi. Vile vilivyoanza 1998 vikatia kambi. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi Oktoba mwaka huo, na kwa miaka mitano nchi ikagawanyika mafungu mawili ya kuoneana kinyongo: miji mikononi mwa RCD, vijiji na misitu mikononi mwa wanamgambo wa kienyeji, Mai-Mai. Aliyekuwa mjini hakuweza kwenda shambani bila ya kushukiwa ni mpelelezi, na aliyekuwa shambani hakuweza kuleta mchele wake mjini bila ya kunyang'anywa. Maniema ya kusini, ambayo mpunga wake uliletwa na Wangwana, yaani watu wa misafara ya pwani, na kulisha masoko ya kusini kwa njia ya reli, ikaona njaa.

Walioiokoa nchi wakati ule hawakutoka Kinshasa wala Ulaya. Walikuwa wapiga kinga. Kinga ni baiskeli kwa Kiswahili cha huko, na mpiga kinga ni mtu aliyeipakia mafuta ya mawese, mchele au karanga hata usiione tena gurudumu, akaisukuma kwa miguu mamia ya kilomita kupita vizuizi vya kila jeshi, kisha akarudi na chumvi, sabuni na kanga. Hakuna serikali iliyowapa nishani. Nami naona kwamba mtu atakaye kujua kama watu wa Kasongo wanajua kujitegemea, kuaminiana na kupanga mambo yao bila ya kufunzwa, atazame biashara hiyo iliyoendeshwa kwa mkopo wa mdomo katikati ya vita, kabla hajatazama ripoti yoyote.

Ripoti nazo zilikuja. Mwaka 2007, vita vikubwa vilipokuwa vimekwisha kwa mkataba, serikali ya Uingereza ilitoa fedha kwa mradi uliopewa jina zuri la Kiswahili, Tuungane, ukaendeshwa na mashirika ya International Rescue Committee na CARE katika Kivu ya Kusini, Katanga na Maniema. Nia yake ilikuwa kujenga vitu viwili kwa mpigo mmoja: majengo, na tabia ya watu. Vijiji vilichaguliwa kwa kura iliyopigwa hadharani. Kila kijiji kilichobahatika kikachagua kamati kwa uchaguzi wa haki. Kamati ikapokea dola elfu chache, ikawauliza watu wanataka nini, na aghalabu watu walitaka shule. Kisha hesabu ikasomwa mbele ya wote. Mradi ulifika katika vijiji 1,250 hivi, vyenye watu wapatao milioni 1.8. Ilitumainiwa kwamba watu wakizoea kuchagua, kuuliza na kukagua, mazoea hayo yatabaki hata mfadhili akiondoka, na chifu atazidi kuwajibika na majirani kuzidi kuaminiana.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, walipewa kazi ya kupima kama matumaini hayo yalitimia, nao wakabuni kipimo ambacho naweza kukiita cha kijanja. Vijiji vilivyopata Tuungane na vile ambavyo havikuipata vilipewa dola 1,000 kila kimoja, bila ya masharti mengi, kisha watafiti wakatazama kwa siri na kwa dhahiri fedha zitaamuliwaje, zitagawanywaje na zitapotea kiasi gani. Ripoti ya 2012 ilisema kwamba baina ya makundi hayo mawili hakukuwa na tofauti ya kuonekana. Tuungane haikubadili namna watu wanavyojitawala wala wanavyoaminiana.

Wafadhili wengi waliisoma ripoti hiyo kama habari ya msiba, na wako waliosema mradi umeshindwa. Mimi naisoma vingine. Katika ripoti hiyo hiyo mna jambo ambalo lilipaswa kutangulizwa: sehemu kubwa ya zile dola elfu, katika vijiji vilivyofunzwa na visivyofunzwa, ilionekana mahali pake, imetumika kwa kazi iliyokubaliwa. Watu maskini waliopewa fedha na wageni, bila ya askari wala hakimu, hawakuzifuja. Ikiwa mwanafunzi aliyefundishwa na yule ambaye hakufundishwa wameandika jibu moja, na jibu lenyewe si baya, basi huenda somo halikuwa ndilo lililopungua. Tangu Wabelgiji hadi leo kila ajaye kujenga Maniema hudhani kwamba kasoro iko kwa mwanakijiji, kwamba hajui kushirikiana, hajui kupanga, hana uzalendo. Na kwa dhana hiyo humletea semina. Kasoro iko juu yake: kwa mwenye hazina asiyelipa, na mwenye mamlaka asiyetimiza.

Ushahidi wa neno hili ni Namoya.

Namoya ni vilima vya dhahabu katika sekta ya Salamabila, wilaya ya Kabambare. Kampuni ya Wabelgiji ya Minière des Grands Lacs ilichimba huko tangu zama za ukoloni hadi baada ya uhuru kidogo, kisha kwa miongo mingi vilima vikawa vya wachimbaji wa mkono, vijana wenye sururu na karai, walioyaita mashimo majina yao wenyewe. Baadaye haki ya uchimbaji ikaangukia kampuni ya Banro ya Kanada, ambayo ilitangaza kuanza uzalishaji kamili Januari 2016. Vilima kama Mwendamboko na Kakula, vilivyokuwa vikilisha maelfu, vikazungushiwa ulinzi. Hapo ndipo sheria na mila zilipokutana uso kwa uso. Sheria ya ardhi ya 1973 yasema ardhi yote ni mali ya dola. Kanuni za madini zasema aliye na kibali ndiye mwenye shimo. Na babu wa Kibangubangu asema kilima hiki kina makaburi ya watu wangu. Wote watatu wana hoja, na hakuna baraza lililowaweka kitako wakasikilizana mpaka mwisho. Wachimbaji walioondolewa walisema waliahidiwa mahali pengine pa kuchimba, wakasema waliahidiwa kazi na fidia, na kwamba walichopata hakikulingana na walichoambiwa.

Kutokana na manung'uniko hayo likainuka kundi lililojiita Malaika, chini ya sheikh mmoja wa huko huko, Assani Hazaifa Mitende. Kwetu sisi wa pwani malaika ni jina la mtoto mchanga na la mpenzi. Katika Kabambare likawa jina la watu wenye bunduki na hirizi. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi watano wa kampuni walitekwa Namoya, Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongo watatu, wakaachiliwa baadaye. Mwaka huo huo Malaika waliingia katika muungano wa makundi ulioongozwa na William Amuri Yakutumba wa Fizi. Julai 2019 wafanyakazi wengine wanne wakatekwa, na Septemba kampuni ikasimamisha kazi kwa kuwa mgodi haukuweza kuendeshwa tena. Mwaka uliofuata Namoya ikaingia mikononi mwa wengine.

Asidhani msomaji kwamba Malaika walikuwa mawakili wa wanyonge. Walitoza, waliua, na katika mapambano yao na jeshi wanawake wa Salamabila walitendewa yale ambayo kalamu yaona haya kuyaandika; Madaktari Wasio na Mipaka waliokwenda kutibu huko walipokea wahanga wa ubakaji kwa wingi wa kutisha. Dhuluma inayodai haki haiachi kuwa dhuluma. Lakini serikali iliyojibu kwa kuongeza askari peke yao, wakati madai ya mwanzo yalikuwa ni ardhi, kazi na fidia, ilikuwa ikimchanja mtoto surua na kumrudisha katika nyumba ile ile.

Nguvu za Malaika zilipungua katika miaka iliyofuata, ingawa hazikukoma kwa siku moja, na hapo ikaja zamu ya mipango ya kunyang'anya silaha na kuwarudisha vijana uraiani. Kongo ina uzoefu mrefu wa mipango hiyo, na uzoefu wenyewe si wa kujivunia. Ile iliyoanza baada ya 2003 ilimpa mpiganaji aliyesalimisha bunduki dola 110 siku ya kutoka kambini na 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, na wengi wakarejea msituni, wakingojea mpango wa pili uwape tena. Kijiji kilichoibiwa na kijana huyo hakikupata kitu. Agizo la Rais la Julai 2021 lililoanzisha mpango mpya, unaofahamika kwa herufi za P-DDRCS, lilijaribu kurekebisha kosa hilo kwa kuweka ustawi wa jamii nzima mahali pa zawadi ya mtu mmoja, na kwa kukataa kuwaingiza waasi jeshini kwa makundi na vyeo vyao. Kwa maandishi, ni mpango wenye busara kuliko uliotangulia. Wenyeji wa Kabambare wana haki ya kungojea waone.

Kuna na mpango mwingine wa maendeleo ya wilaya zote 145 za nchi, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 1.6, wa kujenga shule, vituo vya afya, nyumba za watawala na barabara za vijijini. Na kabla yake, tangu 2008, Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo ulikuwa na mradi wa kuhuisha kilimo cha Maniema. Sina ugomvi na matofali. Shule yenye bati ni bora kuliko shule ya nyasi, na elimu ya msingi bila malipo iliyotangazwa Septemba 2019 iliwarudisha darasani watoto wengi ambao prime iliwafukuza. Neno langu ni kwamba jengo ndilo lililo rahisi kupigwa picha siku ya uzinduzi, na mshahara wa mwalimu wa kila mwezi haupigwi picha.

Kadhalika mrabaha. Kanuni ya madini ya 2018 ilitaka mrabaha wa kila mgodi ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, ikaongeza na fungu la mauzo ya kampuni kwa ajili ya jamii inayouzunguka mgodi, pamoja na waraka wa ahadi ambao kampuni hutia sahihi mbele ya wenyeji. Sheria ya Desemba 2022 nayo ikaunda mfuko wa kuwafidia wahanga wa ubakaji wa vita na jinai nyingine kubwa, FONAREV, ambao sehemu ya mapato yake hutoka katika mrabaha huo huo. Maana yake, mwanamke wa Salamabila aliyedhulumiwa kwa sababu ya dhahabu ana haki, kwa sheria ya nchi yake, ya kufidiwa kwa dhahabu. Ni sheria nzuri mno. Wala haihitaji semina. Yahitaji mweka hazina mwaminifu, na hesabu itakayobandikwa ukutani mwa ofisi ya sekta kwa Kiswahili, ili wale waliojua kuzihesabu dola elfu moja wazihesabu na hizi. Ugumu ni kwamba dhahabu ichimbwayo kwa mkono, ambayo ni nyingi, hailipiwi mrabaha wa namna hiyo: huondoka mfukoni, hupita Bukavu na nchi za jirani, na kuonekana tena katika maduka ya Dubai, haina jina la kwao. Mchimbaji aliyeandikishwa na kupewa eneo lake halali ataweza kutozwa na kulindwa. Anayefukuzwa kila msimu atauza gizani.

Imebaki njia, nayo nimeiweka nyuma kwa makusudi kwa kuwa watu wa Kasongo huitaja kwanza. Barabara kuu namba 2 ya taifa, itokayo Mbuji-Mayi kwenda Bukavu, inapita Kasongo katika ramani. Katika ardhi, masika hugeuza vipande vyake kuwa matope ambayo lori hukaa ndani yake siku nyingi, na utingo akapika humo humo. Bukavu yenyewe iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, na biashara ya upande huo ikayumba tena. Njia ya Kabambare kwenda Fizi ni ya mwenye moyo. Inabaki reli, ile ya Lubumbashi, Kongolo hadi Kindu, ambayo kipande chake cha Kongolo hadi Kindu kilijengwa na Wabelgiji kabla ya vita kuu vya kwanza kukamilisha njia ya mto. Nayo, hata inapotembea kwa taratibu zake za uzee, husimama Samba, ng'ambo ya magharibi. Gunia la mchele la Kasongo halina budi kuvuka Lualaba kwa kivuko au kwa mtumbwi kabla halijaliona behewa, na kivuko kikiharibika, mchele hungojea na bei hungojea pamoja nao. Kati ya Kongolo na Kindu hakuna daraja hata moja juu ya mto huo.